Gari la Ng'ombe Thelathini

Gari likiwa limeoshwa mpaka uvunguni, mimi huanza kulidharau kabla sijafungua boneti. Mwenye gari zima huosha juu, anapiga vioo kitambaa, anaondoka. Anayelala chini na brashi akasugua mpaka matumbo, huyo kuna kitu alikiona huko na hataki na wewe ukione.

La Davis lilikuwa limesuguliwa mpaka nati za magurudumu. Liliingia uwanjani kwa baba, kwetu Ushetu, Jumamosi saa nne asubuhi, linanguruma kama limetumwa kumla mtu, kuku wote wa mama wakakimbilia kwenye bani la kukaushia tumbaku. Gari la bluu, la mbio, la turbo, tundu pana juu ya boneti kama pua ya kiboko na bawa nyuma ambalo halijawahi kumrusha mtu. Kule Rwamgasa, kwao Davis, wanaliita Ndege. Aliyelipa jina hilo ni Davis mwenyewe, halafu anasimulia kwamba watu ndio wanaliita hivyo.

Mimi nilikuwa jikoni. Siku mahari yako inapoletwa unakaa jikoni, unachochea moto, unajifanya hujui wanaume waliokaa nje wanazungumza habari za nani.

Maana gari lile lilikuwa mahari yangu.

Nieleze kidogo. Mwaka wa sita huu nashika spana kwenye gereji ya mjomba Bartholomeo, pale Kambarage, Shinyanga mjini. Nilipomaliza la saba mjomba alinichukua niwapikie mafundi, na mafundi wakienda kula huacha injini wazi. Nikawa natazama. Mwaka wa pili hakuna aliyenituma tena kupika. Davis alikuja siku moja kubadilisha breki za mbele. Ana makarasha mawili ya kusagia mawe ya dhahabu na hisa kwenye duara moja, shimo la wachimbaji, na akiongea utadhani hiyo dhahabu kaiumba yeye. Alikaa juu ya tairi bovu akanitazama saa nzima nikishusha giaboksi ya lori. Boneti yake hakutaka iguswe. "Breki tu," alisema. Wiki mbili baadaye akamtuma mshenga, mzee Nasibu, kwa baba: ng'ombe hana, hela za mgodi bado zipo chini ya ardhi, ila ana gari lenye thamani ya ng'ombe thelathini, na analitoa lote.

Baba akakubali kuliona. Simlaumu sana. Ukame wa mwaka juzi ulimwachia maksai wanne wa kulimia na majike mawili yanayosuasua, na boma lake, lililokuwa likijaa mpaka ndama wanalala nje, lilikuwa limeota magugu. Alishapata mtu wa Kahama wa kumuuzia hilo gari. Likikubaliwa siku ile, boma linajaa na mimi naenda Rwamgasa. Ndivyo ilivyokuwa.

Na mimi sikukataa kuolewa. Nilichokataa ni kubadilishwa na kitu ambacho hakijafunguliwa boneti.

"Linang'aa hilo," mama alisema, amechungulia dirishani. "Utakuja kuzeeka na spana zako, Limi. Mshukuru Mungu."

"Limekuja juu ya lori, mama."

"Hilo lori umelionea wapi?"

"Sijaliona. Tazama rimu. Mnyororo umekwangua rangi, magurudumu yote manne, mahali palepale. Wamelishushia huko barabarani, wakaliwasha, likatembea kilomita mbili kuja kwetu."

Mama akasonya, akaongeza kuni.

Nje, babu Mihayo alikuwa ameshaanza kazi. Huyu ni kaka yake marehemu babu yangu, na ndiye mpimaji. Katika ukoo wetu hakuna ng'ombe wa mahari anayepokewa kabla babu Mihayo hajamfungua mdomo, hajambonyeza mbavu na kusema anafaa. Kwa ng'ombe hajawahi kukosea, na hilo ndilo lililomharibu: anadhani kila chenye matako ni ng'ombe. Alilizunguka gari mara tatu, mikono nyuma. Akalipiga kofi ubavuni. Akainama chini ya bawa, akatazama muda mrefu. Sijui alitarajia kuona nini.

"Nene," alisema.

"Nene sana, mzee," Nasibu akadakia.

"Shingo ipo. Sauti ipo. Linakula nini?"

"Petroli, babu. Tena mimi nalilisha ile ya bei," Davis alijibu. Alikuwa amevaa viatu vyeupe. Vyeupe kabisa, kijijini, mwezi wa tisa.

"Thelathini," babu akasema. Akalitazama tena. "Au thelathini na mbili, kwa ajili ya bawa."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Lile bawa halifiki bei ya jogoo. Baba aliinamisha kichwa ili furaha isionekane.

Na muda wote huo injini haikuzimwa. Baba mwenyewe aliuliza, hili halichoki kunguruma?

"Gari la turbo halizimwi ghafla, baba," Davis akamwambia, taratibu, kama anamfundisha mtoto kunawa. "Turbo inaungua."

Ni kweli halizimwi ghafla. Unaliacha lipumue dakika mbili. Zile zilikuwa arobaini na tano, na feni ya rejeta haikupumzika hata mara moja. Nilikuwa naisikia kutoka jikoni, inalia kama mgonjwa anayeficha. Ningetoka na kelele wangenirudisha na kelele. Nilichukua sinia la soda.

Nilipiga magoti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu."

Nikagawa soda, na nilipopita mbele ya gari nikagusa boneti kwa mgongo wa mkono. Ungeweza kukaangia yai.

"Babu," nikasema, sinia bado mkononi, "naomba kuuliza jambo la ng'ombe."

"Uliza."

"Ng'ombe akitoka safari ya mbali, unampima hapohapo akiwa anahema?"

"Nani kakufundisha ujinga huo?" Babu alikasirika kweli. "Ng'ombe wa mwendo anapumzishwa! Akiwa na joto la njia, homa yake utaijuaje? Apumzike, apoe, ndipo namshika."

"Huyu katoka Rwamgasa leo."

Injini peke yake ndiyo iliyokuwa inaongea.

Davis akacheka. "Limi, hili ni gari."

"Samahani. Nilisikia ni ng'ombe thelathini."

"Rudi jikoni!" baba akafoka.

"Mwache," babu akasema. Hakuwa ananitetea mimi. Alikuwa analitetea jina lake. "Tangu nianze kazi hii sijapima mnyama ana jasho. Kijana, zima."

"Babu, kitaalamu..."

"Zima."

Davis akazima. Feni ikaendelea kidogo, ikakata. Babu akaniuliza gari hupoa kwa muda gani, nikamwambia mpaka uweke kiganja juu yake kikae bila kutamani kutoka. Akatikisa kichwa, ameridhika. Hicho ni kipimo alichokielewa.

Kupoa hakuharakishwi. Wazee walikula wali na kuku, wakasinzia kwenye viti. Saa sita, saa saba. Davis alijaribu mara mbili kuliwasha, ya kwanza eti asikilize redio, ya pili eti apandishe vioo vumbi lisiingie, na mara zote mbili babu alifungua jicho moja akasema, "Kijana." Basi.

Saa nane akaja mlangoni kwa jikoni. Mama alikuwa amechutama nyuma yangu anachambua mchicha. Davis hakumjali.

"Una akili wewe," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana nikakuchagua. Sikiliza. Kuna mengine mawili kama hili nimeyapata Mwanza, yamegongwa, bei ya kutupa. Nakujengea banda nyuma ya karasha, unayafufua, tunauza. Unajua mafundi wanavyonikamua? Mke hanitozi."

"Kwa hiyo hili lina ugonjwa."

"Kidogo tu. Lilipata ajali pale Katoro, ndogo. Baba yako analiuza, aliyenunua atajijua. Wewe nyamaza leo tu. Mzee anafurahi, mimi nafurahi."

"Na mimi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali na jeki. "Una la saba, mama. Ulikuwa unamsubiri nani, waziri?"

Nilikuwa nimeshampima, na yeye alipimika haraka kuliko gari lake. Alitaka kununua fundi kwa gari bovu, ili fundi amtengenezee magari mabovu. Hata mjomba Bartholomeo, bahili anayehesabu mpaka matambara ya kufutia oili, kila Jumamosi hunipa changu mkononi.

Alipoondoka mama aliendelea na mchicha wake. Ila majani mazuri alikuwa anayatupa na yaliyooza anayaweka sufuriani.

Saa tisa na nusu babu Mihayo aliweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha hapo, akaangalia mbali, akakiacha bado.

"Amepoa," akatangaza. "Binti, fungua."

Nilifungua. Nikalegeza bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye turbo, nikalichomoa.

"Humo ndani kuna kifeni kidogo, babu. Moshi wa injini unakizungusha, kinasukuma hewa, ndizo mbio zake zote. Tia kidole, kitikise."

Babu akatia kidole, akatikisa. Kifeni kikacheza huku na huku kikagonga ukuta wake, tik, tik. Uso wa babu ukabadilika. Meno anayajua.

"Limelegea hili."

"Hakitakiwi kucheza hivyo. Gari hili huzimwa likiwa moto, mlangoni kwa baa, watu waone mwenyewe anavyoruka chini. Oili inaungua hapo. Yale aliyotufundisha asubuhi ya kutozima ghafla angeanza kujifundisha mwenyewe."

"Mimi silewi!" Davis akasema.

"Hakuna aliyesema unalewa. Nimesema mlangoni."

Mzee mmoja akacheka ndani ya soda yake. Nikaupeleka mkono kwenye mfuniko wa rejeta, na hapo Davis akaja mbio.

"Huo hapana! Una presha, utaungua uso!"

"Asubuhi ndiyo ningeungua. Presha imeondoka na joto." Nikageuka nitafute chombo. Mama alikuwa amesimama hapo na bakuli lake jeupe la wageni, lile ambalo hata kuliosha siruhusiwi. Akanipa. Nilifungua mfuniko, nikalegeza koki ya chini ya rejeta, yakashuka maji ya njano, mazito kama uji, na uwanja mzima ukanuka pilau.

Mama akainama akanusa. "Manjano," akasema. "Haya ni manjano ya dukani."

Majirani waliokuwa wanaosha vyombo wakaangua kicheko. Mtu hutia manjano kwenye rejeta inayovuja: unga unaziba tundu kwa muda, anafika nyumbani, anatafuta fundi. Davis alifika nyumbani akatafuta mke.

Nikajaza maji safi, nikaacha mfuniko wazi, nikamwambia awashe. Likakataa. Likakataa tena. Mara ya tatu likawaka linatetemeka kama mtu mwenye malaria, likatema moshi mweupe mzito mpaka bani likapotea. Na kwenye mdomo wa rejeta maji yakaanza kuruka, mapovu juu ya mapovu.

"Limeshachemka?" baba akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Tia kidole, baba."

Akaogopa, kisha akatia. Akakitoa, akakitazama, akakirudisha. "Ya baridi."

"Halijachemka. Ni upepo. Gasketi ya juu ya injini imekatika, upepo wa kule moto unapowaka unapita kwenye maji, na maji nayo yanaingia huko. Rejeta ilitoboka kwenye ajali, akaendelea kukanyaga mafuta bila maji mpaka injini ikaungua. Ona hapa mbele, chuma kimechomelewa na kupakwa rangi isiyofanana na ya ndani. Likiwa moto huwezi kufungua ukayaona haya. Ndiyo maana hakutaka lipoe."

Babu akanigeukia. "Wangapi?"

"Rimu nzuri, zikipakwa rangi. Viti vizuri. Vioo. Giaboksi sijaifungua, siwezi kuisemea. Kwa mtu wa kulikata na kuuza vipande, ng'ombe wanne, na mmoja awe ndama."

"Na injini?"

"Hiyo wanapima kilo, watu wa chuma chakavu."

"Na bawa?"

"Bawa utapewa bure, babu."

Nasibu akasimama, mikono hewani. "Wazee wangu, tusifike mbali! Kijana ataongeza. Gari libaki kama lilivyo, na juu yake ng'ombe kumi, wazima, wenye miguu, wiki ijayo!"

Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza siku ile. Baba aliinua kichwa. Macho yake yalikwenda kwenye boma, kwenye yale magugu, yakakaa huko. Kumi. Niliona anavyowaingiza mmoja mmoja. Gari nalijua, baba yangu sina spana ya kumfungulia.

"Kijana," babu Mihayo akasema, "ulijua?"

Swali hilo lina uzito kwetu. Mnyama wa mahari akikutwa mgonjwa anabadilishwa, hakuna ugomvi. Lakini aliyemleta akiwa alijua akaficha, mazungumzo yamekwisha, hata akileta mia.

"Babu, gari la mkono wa pili," Davis akajibu, kwa upole ambao sikujua kama anao. "La ndani nani anajua? Mimi si fundi."

Wazee wakatazamana. Jibu lilikuwa na sura ya kupokeleka. Ningeweza kusema aliyoniambia jikoni. Angekana, na lingebaki neno la msichana anayekimbia ndoa. Nikafuta mikono.

Mama akaliinua bakuli lake, akalisogeza mpaka chini ya pua ya babu.

"Manjano hayakujitia yenyewe," akasema.

Babu akaangalia ndani ya bakuli. Akachukua fimbo yake, akasimama.

"Yamekwisha. Wabeja, asante kwa safari. Rudi na mnyama wako."

Ndege haikuwaka tena. Maji yalikuwa yameshaingia kusikotakiwa, na lori lake lilikuwa linamsubiri barabarani, kilomita mbili. Davis akanijia, sasa bila kicheko.

"Limi, liamshe tu lifike barabarani."

"Fundi yupo Kambarage, Jumatatu saa mbili. Mbele yako kuna bajaji tatu."

Ikabidi baba afunge maksai. Wote wanne, mnyororo ukaingia chini ya bampa. Davis akaingia ndani, akafunga mlango, akavaa miwani ya jua. Maksai wakavuta, wakapinda migongo, wakachimba vumbi kwa kwato, gari halikusogea.

"Mnaona uzito?" Nasibu akasema. "Hiyo ni mashine!"

Baba akainua fimbo awachape. Nilisogea dirishani kabla hajaishusha.

"Toa hendibreki," nikamwambia Davis.

Babu Mihayo alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, majirani wakamletea maji. Baba hakucheka. Alikuwa hajanitazama tangu asubuhi, na wale kumi walikuwa bado usoni mwake. Nadhani wapo mpaka leo. Alikwenda kwa maksai wa kushoto, akampapasa begani palipochubuliwa na nira, akakaa naye kidogo. Kisha akaja mpaka kwenye mlango wa gari, akaufungua.

"Shuka," akamwambia Davis. "Kasukume. Limi, ng'wanawane, shika usukani wewe."

Nikakaa kwenye kiti cha ngozi. Kizuri kweli, nilikuwa nimekisemea haki. Kwenye kioo nilimwona Davis ameegemea bawa lake, anasukuma, viatu vyeupe vinazama kwenye vumbi na mavi ya ng'ombe. Maksai huenda polepole, na mimi sikuwa na haraka.